Kikombe Kilichopungua

Ndugu yangu mdogo alipopata mtoto wa tatu, mimi ndiye niliyemjengea hema la akika. Lilikuwa hema langu bora, lile la mapazia meupe na feni za kurusha manyunyu, na mazulia niliyoyatandika yalikuwa mapya, hayajakanyagwa na harusi yoyote. Kila kitu bure. Na kila kigingi nilichokipiga nyundo siku ile nilikipiga kwa wivu. Alipopata wa kwanza nilifurahi. Alipopata wa pili nikasema haya, Mungu humpa amtakaye. Wa tatu alinishinda. Wa tatu niliona kama kapewa fungu langu.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa Ibra, huku Omani, na Ibra hakuna harusi, akika wala msiba unaokwenda bila viti vyangu. Nilikuja kutoka Unguja mtoto mdogo, nimeshika nguo ya mama. Skuli wakanicheka Kiarabu changu, nikawapiga, mwalimu akanitoa nje, nami nikaenda moja kwa moja na sikurudi tena. Nikaanza na pikapu bovu, nachukua viti vya plastiki kwa huyu nampelekea yule. Leo nina mahema, malori, ghala, na watu wanaonisubiri niwaambie la kufanya. Hakuna aliyenionesha njia. Haya ninayoandika nayaandika kwa mkono wangu, na makosa yake ni yangu vilevile.

Aliyesoma ni huyo ndugu yangu, na alisoma kwa viti vyangu. Sasa ana ofisi kwenye kiwanda cha gesi kule Sur, ana kadi shingoni yenye picha yake, na kila Alkhamisi jioni hupakia mke na watoto wakaja Ibra kwa mama. Watoto wakiteremka garini hunikimbilia, "Baba mkubwa! Baba mkubwa!" Watu wakiona husema, mashallah, wanakupenda. Wananipenda, ndiyo. Lakini unaweza kuitwa baba mkubwa mpaka ukazeeka, na usiku ukarudi kwenye nyumba ya vyumba sita ukakuta kimya.

Mke wangu ni mtu wa Sur, mwanamke mpole asiyejua kugombana. Miaka tuliyokaa bila mtoto sitaihesabu. Vipimo vyake yeye alivimaliza zamani, akaambiwa hana kasoro. Vyangu sikutaka. Mwanamume anayesimamisha nguzo ya hema peke yake, atapimwa nini?

Sasa nieleze habari ya vikombe, maana yote yaliyofuata yalitoka huko. Desturi yetu ya zamani, vikombe vya kahawa huwa vichache. Mmiminaji anapita na dele, birika la kahawa, mkononi, unakunywa, ukitosheka unakitikisa kikombe kumwonesha basi, anakisuuza kwenye bakuli la maji kisha anampa anayefuata. Bakuli moja, watu wote. Mimi nikaona huo si usafi wala si fahari. Nikaagiza vikombe vyeupe vyenye mstari wa kijani mdomoni, makreti kwa makreti, kila mgeni na chake. Wazee walinuna, kisha wakazoea, kisha wakawa wanadai wenyewe. Na mimi mwenye mali nikajiwekea changu, cha mstari wa dhahabu, kimoja tu, natembea nacho kila shughuli. Mtu akikiona kile kikombe anajua mwenyewe yupo.

Siku ya akika ya mtoto wa ndugu yangu, nyumbani kwa mama, nilikunywea hicho. Mtoto akaletwa sabla, baraza la wanaume, amefungwa kama halua ya zawadi, akapita mkono kwa mkono mpaka akanifikia mimi. Nikakaa naye. Alikuwa na nyusi za baba yangu marehemu. Nyusi zile hasa, zilizokutana katikati, ambazo mimi sinazo na ndugu yangu hana. Zimeruka watu wote zikaenda kukaa kwa mtoto wa mtu aliyekwisha kuwa na wawili.

"Kaka," ndugu yangu akacheka, "usimtazame hivyo, utammeza."

Watu wakacheka. Nikacheka nami, nikamrudisha mtoto.

Asubuhi yake, vijana wangu wanapakia vyombo, nikafungua kreti ninamowekea kikombe changu. Hakimo. Mimi vyombo vyangu navijua kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake, sipotezi kijiko. Nikaenda kwa mama.

"Shikamoo mama. Kikombe changu kiko wapi?"

"Marahaba. Kikombe gani tena?"

"Cha mstari wa dhahabu."

"Kimevunjika."

"Vipande viko wapi?"

"Ebo! Vipande vya kikombe unavitakia nini, baba? Kaa unywe chai."

Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, anatazama sakafu. Hapo nikaingiwa na ubaridi. Sina haja ya kuwaeleza wa kwetu, wanajua. Mtoto mchanga akichemka ghafla baada ya wageni, husemwa kapigwa jicho na mtu aliyemtazama bila kusema mashallah. Dawa yake ni masalio ya aliyemtazama: kahawa iliyobaki chini ya kikombe chake, au kokwa ya tende aliyokula. Yanatiwa maji, mtoto anaogeshwa. Zamani walichukua maji ya bakuli tu, ambamo vikombe vya watu wote vimesuuzwa, na hasidi hakujulikana ni nani. Mimi ndiye niliyempa kila mtu kikombe chake. Biashara yangu mwenyewe ndiyo iliyonikamatisha.

Garini nikamwuliza mke wangu, "Mtoto aliumwa?"

"Alichemka tangu Magharibi. Hawakukusudia ubaya."

"Nani alikichukua? Mke wa ndugu yangu?"

"Usiniulize."

"Nakuuliza."

"Mama yako."

Tukaenda mpaka karibu na nyumbani. Halafu akaniuliza, taratibu, "Ulisema mashallah?"

"Nilisema."

"Ulisema?"

Sikukumbuka. Niliyokumbuka ni zile nyusi.

Na kilichoniuma zaidi, mtoto alipona. Angeendelea kuumwa ningesema, mmeona? Alipopona kwa masalio yangu ikawa hukumu imekwishapita. Sikukanyaga kwa mama siku nyingi. Viti vya shughuli za kwao niliwapa vijana wavipeleke, mwenyewe sikwenda. Kisha siku moja, kwa hasira tu, wala si kwa hekima, nikamwambia mke wangu, "Fanya miadi kwa hao madaktari wako. Nitawaonesha."

Hospitali yenyewe iko Maskati, jina lake silitaji. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Muuguzi akanipa kikopo cha plastiki, akanielekeza chumba. Mimi, mwenye vikombe vya wilaya nzima, nikapewa kikopo kimoja nikajifungie nacho. Tuyaache hayo. Majibu yalipotoka, daktari akatuweka chini.

"Mbegu zako ni chache," akaniambia, "na hizo chache ni za uvivu."

Uvivu! Katika maisha yangu nimeitwa mgomvi, mchoyo, mjeuri, asiyesoma. Neno hilo sijapata kuitwa. Nilitaka kumwambia aje ghalani anione alfajiri. Mke wangu akanigusa goti. Miaka yote ile wanawake wa Ibra na wa Sur walikuwa wakimtazama yeye tumbo, wakimletea habasoda na asali, wakimnong'oneza, naye anajua kwamba yeye hana kasoro, na hakuna hata siku moja aliyofungua mdomo akasema, basi muulizeni mume wangu.

Daktari akasema si mwisho wa dunia. Watachukua mayai yake na mbegu zangu, watazikutanisha maabara, kisha watamrudishia tumboni. Nikamwuliza sheikh wa msikiti wetu kwanza. Akasema ikiwa ni vya mume na mke, na ndoa ipo, hapana ubaya, na kuponyeshwa ni katika rehema. Basi tukaanza.

Sindano zilikuwa za kumchoma tumboni, nyumbani, na nilikataa achomwe na mtu mwingine. Tulizibeba kutoka Maskati ndani ya sanduku la barafu ninalopelekea soda harusini. Mkono huu unaopiga nyundo juani kutwa ulikisogeza na kukirudisha kisindano chembamba kama unywele. "Choma tu, bwana," mke wangu alikuwa akinicheka, "unanitisha kuliko sindano." Nikajifunza. Nilikuwa hodari mwishoni, muuguzi mwenyewe alinisifu.

Kule kwenye kusubiri hospitalini ndiko nilikokutana na mtu wa Nizwa. Kazaliwa Tabora, Kiswahili chake cha bara, na kazi yake kuuza maji ya waridi na makomamanga ya Jabali Akhdar. Mwembamba, kilemba chake hakipindi, tasbihi mkononi. Nilipomwona tu sikumpenda, kwa vile alivyotulia. Mimi nimekaa juu ya miiba, yeye amekaa kama anasubiri mkate uive.

"Kaka, mara ya ngapi hii?" akaniuliza.

"Ya kwanza. Na ya mwisho. Mimi kitu nikikishika hakiniponyoki."

"Inshallah," akasema. "Sisi ni ya nne."

Nikamwonea huruma, na ndani ya huruma ile nikajisikia mrefu. Tukawa tunakutana kila safari. Wake zetu walikaa upande wao wakawa mashoga, wanapeana dawa za kichefuchefu. Yeye alinifundisha mlango gani una foleni fupi, mimi nikamfundisha namna ya kubishana na mtu wa maegesho. Wake zetu walirudishiwa viini vya mimba tumboni wiki ile ile, na majibu tukaja kuyachukua siku moja.

Wao waliingia kwanza. Walipotoka, mkewe kajifunika uso kwa shela, na muuguzi aliyewasindikiza alikuwa anatabasamu. Haikuhitaji mtu asomeshwe kuelewa. Nikasimama nikampa mkono. Nikasema mashallah, na safari hii nilihakikisha nimeisema, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Kisha tukaingia sisi, na daktari akaanza kwa kusema pole.

Kurudi, mke wangu akaomba tusimame Bidbid tunywe chai ya maziwa. Pale njia hugawika, moja inakwenda Nizwa, nyingine inaingia Ibra mpaka Sur. Tumekaa ndani ya gari na vikombe vya karatasi, nikaiona gari yake yule mtu ikipita, ikashika njia ya Nizwa, taratibu, kama iliyobeba mayai. Nikaifuata kwa macho mpaka ikapotea. Nilimwonea wivu mpaka wa taa zake za nyuma.

"Alhamdulillahi," mke wangu akasema, akashusha kikombe.

Nikageuka. "Ya nini? Niambie, alhamdulillahi ya nini leo?"

"Ya leo."

"Leo tumepata nini?"

"Umenishika mkono," akasema. "Tulipotoka kwa daktari ulinishika mkono, tukapita watu wote wale mpaka kwenye gari. Tangu unioe hujanishika mkono mbele za watu."

Sikuwa na habari kwamba nilimshika. Nilitazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Yeye kachomwa sindano, katolewa mayai, kalazwa, kaambiwa hapana, na katika yote yale ameokota kitu kimoja akakishukuria. Mimi, niliyejiona nimejitengeneza mwenyewe, sijapata kushukuru kwa lolote, kwa sababu kila nilichokuwa nacho niliona nimekipata kwa mkono wangu. Na huo mkono wenyewe, nani alinipa? Alasiri ilikuwa inaadhiniwa kwenye msikiti mdogo nyuma ya maduka. Nikaenda. Mimi nilikuwa mtu wa kusali, sikatai, lakini nilisali kama mtu anayekwenda baladia, ofisi ya mji, kulalamikia jirani: kwa nini yule amepewa kibali na mimi sikupewa? Siku ile nilisujudu, nikakosa la kulalamikia. Nikasema tu, asante kwa mwanamke huyu. Sijui Kiarabu cha kuisema vizuri, nikaisema kwa Kiswahili.

Msifikiri wivu ulikwisha. Ulikaa garini ukinisubiri.

Haukupita muda mrefu, mtu wa Nizwa akapiga simu. Nilikuwa ghalani. Sauti yake ilikuwa ile ile, haikupanda wala haikushuka. "Imetoka, kaka. Jana. Niombee." Nikasema innalillahi, nikasema pole, nikasema yote yanayosemwa. Simu ilipokatika nikakaa juu ya kreti. Kabla ya huzuni kuja, kilitangulia kitu kingine ndani ya kifua, chepesi, kama kamba ya hema inapolegezwa. Nilikijua ni kitu gani. Nikasema, ikiwa mama alichukua kikombe changu, hakukosea kikombe. Nikakaa pale mpaka kikapita, halafu ndipo nikalia, namlilia yule mtu na kiumbe chake, na wale vijana wangu wakadhani nimefiwa. Tangu siku ile kila nikisali namtaja yeye kabla ya kujitaja mimi. Si kwa wema. Niliogopa nikimweka nyuma nitamsahau.

Mara ya pili, ya kwetu ilishika.

Tuliificha. Nani asiyeficha? Nilimpeleka mke wangu kwao Sur mapema, nikasema mama yake anaumwa mgongo. Ndugu yangu anaishi Sur hiyo hiyo, na hakujua. Mkewe alipopiga simu kutaka kwenda kusalimia, nikasema wana mafua nyumba nzima. Nilikuwa nimeshika ile mimba kama mtu aliyeshika taa upepo unavuma, viganja vyote viwili. Mimi niliyeitwa mwenye jicho nikawa naogopa macho ya kila mtu, hata ya watoto wanaoniita baba mkubwa. Mama yangu alikuja kujua siku ambayo tumbo halikufichika tena. Hakunilaumu. Alikaa kitako chini akasoma Fatiha, akaniambia, "Umefanya vyema kuficha," na hakunitazama usoni.

Alizaliwa msichana. Sitawaeleza alivyo, kwa sababu nikianza sitamaliza, na nanyi mtasema huyu mzee kazidi. Nyusi zake zimekutana katikati. Basi, nimesema hilo moja.

Akika tuliifanya arobaini ilipokwisha, nyumbani kwa mama Ibra, ndani ya hema lile lile la mapazia meupe. Tulibishana mimi na mke wangu juu ya mtu mmoja tu.

"Mwite," akasema.

"Ataumia."

"Na asipoitwa hataumia?"

Akaja, yeye na mkewe, kutoka Nizwa, na maji ya waridi ndani ya chupa kubwa, yale ya kwanza ya msimu ambayo wenye hoteli za mlimani hugombania. Mtoto akaletwa sabla. Alipomfikia yeye nikasogea karibu, na sitasema nilisogea kwa ukarimu. Alimpakata, akamtazama. Alimtazama muda mrefu. Niliujua ule mtazamo. Ulikuwa wangu, niliutumia pale pale. Midomo yake ilicheza lakini sikusikia neno, na masikio yangu yalikuwa wazi kama milango ya ghala. Nikanyoosha mikono. "Mlete, kaka, ameanza kulia." Hakuwa ameanza kulia.

Baada ya Alasiri wageni wakatawanyika, naye akaondoka. Haikuchukua muda, mke wangu akatoka ndani mtoto yuko kifuani. "Anachemka. Hataki kunyonya." Nikamgusa kipaji. Moto. Ndugu yangu akasema, "Twende hospitali, mie nawasha gari," akakimbia.

Mama akatokea upande wa hema. Mkononi ameshika kikombe cha mstari wa kijani, amekifunika kwa kiganja kisimwagike.

"Cha yule wa Nizwa," akasema. "Nilikiwekea jicho tangu alipokitua. Ngoja nitie maji, tumwogeshe kabla hamjatoka."

Nawaambia ukweli, nilikitaka kile kikombe. Binti yangu alikuwa anachemka, na mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka kukipokea. Nikamwona yule mtu njiani, anaelekea Bidbid, mkewe pembeni yake, hawajui kwamba nyuma yao kikombe chake kimeokotwa na hukumu imeandikwa. Kesho mkewe atazungumza na mke wangu simuni na atasikia sauti imebadilika. Mimi najua sauti hiyo inavyosikika. Niliisikia kwenye neno "kimevunjika".

"Mama," nikasema, "lete bakuli lako. Lile la zamani la kusuuzia."

"Bakuli la nini? Masalio haya hapa."

"Lete, mama. Mtoto anaungua."

Akalileta. Nikatia maji. Nikakichukua kikombe cha mtu wa Nizwa mkononi mwake, nikakisuuza ndani. Nikachukua changu nilichokunywea, nikasuuza. Nikavuta kreti nzima, nikawa nasuuza kimoja kimoja, vya majirani, vya sheikh, vya watu nisiowajua walikuja na nani. Ndugu yangu akarudi, "Kaka, gari tayari, unafanya nini?" Akatazama bakuli, akatazama uso wa mama. Alielewa, maana ni mtoto wa nyumba ile ile. Akaenda kwenye mkeka wake, akachukua kikombe chake, akakitia mwenyewe. "Na mimi nilimtazama," akasema. "Nilisema, mtoto wa kaka mzuri kuliko wangu."

Mama alikuwa amesimama. Kisha akaingia chumbani kwake, nikasikia kabati linafunguliwa. Alipotoka ameshika kikombe cha mstari wa dhahabu. Hakikuvunjika. Hakikuoshwa pia, chini yake kahawa iliyobakizwa imekauka ikawa nyeusi. Sijui alikiwekea nini miaka ile yote. Pengine alikuwa akingoja siku wajukuu watakapoumwa tena, pengine alishindwa kukitupa. Akainama kwa magoti yake mabovu, akakitia ndani ya bakuli na wenzake, akakisugua kwa kidole mpaka weusi ukatoka.

"Haya," nikasema, "mpanguse kwa hayo. Sote tumo."

Mama akachovya kiganja, akampangusa mtoto uso na miguu, anasoma. Tukaingia garini.

Hospitalini daktari alimvua mtoto blanketi, akamvua sweta, akamvua shela ya pamba, na chini ya shela akakuta blanketi jingine. "Mnataka kumpika?" akatuuliza. Wakampima kila kitu hata hivyo, wakatuweka pale mpaka joto likashuka na akanyonya. Mama mpaka leo anasema ni bakuli. Mke wangu anasema ni yale mablanketi, na aliyemfunika ni nani, hatusemi. Mimi siku ile nilisema alhamdulillahi nikanyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu, wanaonijua watawaambia.

Siku hizi shughuli zangu zina bakuli. Anayetaka kikombe chake peke yake namletea, lakini nyumbani kwangu kahawa inazunguka kwa vikombe vichache, na cha mstari wa dhahabu kimo humo humo, anakipata yeyote. Wivu bado ninao. Neno la kwanza alilosema binti yangu lilikuwa "baba", na alikuwa anamtazama ndugu yangu. Sikulala vizuri siku hiyo.

Mtu wa Nizwa hajapata bado. Wanajaribu. Kila Ijumaa baada ya swala nampigia. Habari za binti yangu mimi huwasimulia watu wote, barabarani, dukani, benki, wakitaka wasitake. Yeye peke yake ndiye ninayempunguzia. Juzi akaniuliza, "Anatembea sasa?"

"Aah, anaanguka-anguka tu."

Nikamsikia anacheka. "Kaka, wewe uongo hukujaliwa. Sema anakimbia."

"Anakimbia," nikasema. "Amenishinda mbio."

"Mashallah," akasema, na alilitamka wazi, herufi kwa herufi, nisije nikasema sikusikia.